Sukari Imeshuka

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Shangazi alipenda kuwatupia wenzake msemo huo, hasa wale aliowaona wana mdomo. Siku ulimi wake mwenyewe ulipojikwaa hakuna aliyemtupia, na yeye wala hakuhisi. Alikata simu, akamalizia chai yake, akageuza kikombe juu chini kwenye sahani kama mtu aliyefanya kazi nzuri.

Huyu Shangazi hakuwa shangazi wa mtu pale mtaani. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane wa miaka mingi, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya nne na tabia ya kuuliza mambo ya watu mpaka ayapate. Kwa tabia hiyo mtaa mzima ulimwita Shangazi, wakiwemo watu waliomzidi umri. Hospitali ya rufaa ilipotangaza kwamba inatafuta wakazi wa kufuatilia wagonjwa majumbani, majirani walimsukuma mbele. Walisema, kama ni kufuatilia, mtu wenu ndiye huyu.

Hospitali yenyewe haikuwa ya mfanyabiashara na haikutafuta faida. Kazi yake ilikuwa kutibu na kufundisha, ndiyo maana ukilazwa pale utashikwa tumbo na wanafunzi watano kabla hujamwona daktari mwenyewe. Watu walilalamika, wakacheka, na wakiumwa walirudi kulekule. Gari lake lilikuja mitaani kupima macho, meno na presha, na wauguzi wake walijua nyumba ipi ina mtoto wa kifafa na nyumba ipi inaficha dawa za kifua kikuu uvunguni mwa kitanda. Shangazi alifundishwa wiki tatu, akapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, daftari, na orodha ya nyumba kumi na moja zenye wagonjwa wa kisukari. Kila nyumba iliazimwa kimashine cha kupimia. Kila Jumatano asubuhi yeye alipiga simu nyumba kwa nyumba, akauliza, akaandika, kisha akapeleka daftari hospitalini, ambako yeye na wenzake waliketi darasani mpaka mchana.

Daftari lilikuwa na safu mbili, moja ya namba na moja ya maelezo. Mkufunzi wao, muuguzi mwembamba ambaye sare yake ilipigwa pasi mpaka ungedhani inaweza kusimama bila mtu ndani, aliwaimbia kila wiki: "Namba kwanza, maneno baadaye. Mtu akikwambia hajambo, andika hajambo, lakini mimi niletee namba." Shangazi hakuipenda kanuni hiyo. Aliona namba ni za watu wasiojua kuzungumza na watu. Yeye alikuwa na sikio. Mtu akiitikia salamu tu, alijua kama amelala au amekesha, kama amekula au amegombana, na mara nyingi, tusimnyime haki yake, alikuwa amepatia.

Jumatano hiyo nyumba ya saba ilikuwa ya Fundi Saa. Mzee wa miaka sabini na mmoja, aliyetengeneza saa za watu kwenye kibanda karibu na posta mpaka macho yakamgomea. Aliishi na mke wa mwanawe na wajukuu wawili, mwana akiwa mbali kikazi. Sukari ya mzee ilikuwa imepanda tangu mwanzo wa mwaka. Kila wiki mkwe alisema neno lile lile, imepanda, Shangazi, imepanda tena, kumi na tisa, ishirini na mbili. Mzee alikuwa akiamka mara sita kila usiku kwenda haja ndogo, mkwe akimshika mkono, na asubuhi wote wawili wakawa na macho mekundu. Siku tisa kabla ya hapo daktari alimwanzishia sindano za insulini, na mkwe akafundishwa kuchoma.

"Shangazi, leo nina habari," mkwe alisema kwenye simu, akinong'ona. "Sukari imeshuka!"

"Wee!"

"Imeshuka kabisa. Tangu tuanze kupima sijaona kitu kama hiki."

"Mungu mkubwa! Na mwenyewe yuko wapi?"

"Amelala. Chai ameionja tu akaiacha, akasema mwili umechoka, anataka kulala. Sasa hivi amezama usingizini mpaka jasho linamtoka. Nadhani hata zile homa homa zake zimekatika."

"Maskini, wiki ngapi hajafumba jicho yule. Mwache apumzike. Msimwamshe, umesikia? Asiamshwe na mtu."

"Sawa, Shangazi. Hata hawa watoto nawatoa."

Shangazi akaandika kwenye safu ya maelezo: imeshuka, amelala vizuri. Pembeni akaweka alama kubwa ya vema, mkia wake ukavuka mpaka kwenye safu ya namba na kuijaza, kwa hiyo jicho lisingeona kwamba safu ile ilikuwa tupu. Ilikuwa saa tatu na robo.

Saa nne darasani simu zote ziliwekwa kwenye beseni la plastiki mbele, maana mkufunzi hakutaka milio. Walikuwa watu kumi na wawili kwenye viti vya wanafunzi, kwenye chumba chenye mifupa ya mtu imening'inizwa pembeni na mtu mmoja amekwisha kuivika kofia. Mkufunzi aliufuta ubao, akaandika somo la siku: sukari kushuka.

"Nyinyi mmezoea kupanda," alisema. "Huko mitaani mtu akisikia sukari imeshuka anapiga vigelegele, utadhani imeshuka ile ya dukani."

Darasa likacheka, na Shangazi akacheka kuliko wote.

"Ikipanda inamla mtu taratibu. Ikishuka haina subira. Saa moja, saa mbili, umempoteza, au umebaki naye lakini akili haipo. Niambieni dalili."

Hawakuzijua, kwa hiyo akazitaja mwenyewe. Kutetemeka. Jasho la baridi. Kuongea ovyo. Usingizi. "Sasa sikilizeni hapa. Mgonjwa amechomwa insulini, halafu chai ameionja tu akaiacha. Mnamkuta amejilaza, jasho linamtiririka. Mtasema amelala. Hajalala huyo. Huyo anazimia mbele ya macho yenu."

Kicheko kilikuwa bado kipo usoni kwa Shangazi, kimesahaulika pale. Kwanza alijitetea. Alijiambia, kushuka kuna kushuka, mtu akitoka ishirini na mbili akafika nane si ameshuka? Na nane ni afya. Bila shaka ilikuwa nane. Mkwe yule ana akili, angeona hatari angesema. Akafungua daftari polepole, chini ya meza, kama mwanafunzi anayeibia mtihani, akatafuta ile nane. Akakuta mkia wa alama yake ya vema, na chini ya mkia hakuna kitu. Chai ameionja tu akaiacha. Alikuwa ameyasikia maneno hayo mara mbili asubuhi moja, mara ya kwanza akaona ni habari njema.

Na yeye alisema nini? Alisema asiamshwe.

Aliinua mkono. Sauti yake, ile ya kusikika nyumba ya nne, ilitoka nyembamba. "Mwalimu, tuseme... tuseme kuna mtu amewaambia wa nyumbani wamwache alale. Wasimwamshe."

"Nani mjinga huyo?" mkufunzi aliuliza huku akiandika, hakugeuka hata. Darasa likacheka tena.

Kulikuwa na nafasi ya kunyamaza. Tusidanganyane, aliiona. Angeweza kusema ni mfano tu, akatoka nje kama mtu anayekwenda chooni, akapiga simu kimyakimya, na mambo yakaisha. Lakini simu ilikuwa kwenye beseni, na dakika zilikuwa za mzee wa watu, hazikuwa zake za kuchezea.

"Mimi," alisema.

Mkufunzi akageuka. Shangazi alingoja kutukanwa, na kwa kweli alitaka atukanwe, lakini yule mwanamke alimwuliza mambo mawili tu.

"Namba ilikuwa ngapi?"

"Sikuuliza."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na robo."

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika ishirini na mbili. Mkufunzi alilisukuma beseni kuelekea kwake. "Piga."

Simu ya mkwe haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Mara ya tatu, sauti ya yule mwanamke wa kwenye mtandao ilipomwambia ajaribu tena baadaye, Shangazi alielewa. Mkwe ameizima simu. Ameizima ili mlio usimwamshe mzee, kwa kuwa Shangazi alisema asiamshwe. Akampigia jirani wa mlango wa pili. Jirani aliitikia kwa furaha, ila alikuwa mjini kwenye foleni ya benki, na akaanza kuuliza habari za watoto.

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kumchukua mama mwenye uchungu. Lililokuwepo getini ni lile la kupima macho, limeshapakiwa ubao wa herufi na maboksi ya miwani, na dereva wake, mtu mzima waliyemwita Kobe kwa sababu zisizohitaji kuelezwa, alikuwa anafuta kioo cha mbele.

"Ratiba yangu inasema shuleni, saa tano," Kobe alisema.

"Ratiba yako inasema panda," mkufunzi alimjibu, mkoba wa dawa ukiwa tayari begani, na Kobe akapanda.

Siku hiyo Kobe aliendesha gari kama alivyokuwa hajawahi kuendesha, na Shangazi bado aliona wanatambaa. Miwani iligongana kwenye maboksi nyuma. Walisimama kupisha watoto wa shule, wakasimama kupisha mkokoteni wa mbao, wakasimama penye barabara iliyochimbwa mtaro wa maji, na kila waliposimama Shangazi alikandamiza sakafu ya gari kwa mguu kana kwamba pedali iko upande wake. Kichwani alihesabu. Tangu saa tatu na robo, sasa saa moja na dakika ishirini na tano. Sasa ishirini na nane. Alimtazama mkufunzi, ambaye alikuwa anavunja shingo za vichupa na kuvuta dawa kwenye bomba kubwa la sindano, gari likiruka, bila kumwaga tone.

"Sema chochote," Shangazi alimwambia. "Nigombeze."

"Nikigombeza nitakosea kuhesabu," mkufunzi alisema. "Nyumba ipi?"

"Ile yenye mlango wa bluu. Hapo. Hapo hapo!"

Mkwe alikuwa ameketi kizingitini kwenye kigoda, mlinzi kamili. Redio ilikuwa imezimwa, watoto wamepelekwa kwa watu, na hata jogoo alikuwa amefunikwa tenga ili asiwike. Alipomwona Shangazi anakuja mbio, kitambulisho kinamrukaruka kifuani, aliinuka haraka na kuweka kidole mdomoni.

"Shhh! Bado amelala. Si ulisema—"

"Namba ilikuwa ngapi?" Shangazi alimshika mabega. "Asubuhi, mwanangu. Ilikuwa ngapi?"

"Tatu nukta moja," mkwe alisema. "Nilikuwa nakutajia, lakini hukuuliza, ukasema Mungu mkubwa."

Mkufunzi alikuwa ameshawapita. Chumba kilikuwa na pazia limeshushwa, na meza ndogo penye saa nne za ukutani zisizotembea ambazo mzee alikataa zitupwe. Fundi Saa alilala ubavu. Shati lilikuwa limemganda mgongoni, mto umelowa, na mlio uliomtoka kooni ulifanana na kukoroma lakini haukuwa kukoroma. Shangazi aliushika mkono wake ukamtisha kwa ubaridi.

"Fundi! Fundi, amka! Mzee wangu, amka!" Sasa sauti yake ilirudi yote, ikasikika nyumba ya nne na ya tano pia. Mzee hakutikisika.

Mkufunzi alimtoboa kidole, akangoja kimashine kihesabu. "Moja nukta tano," alisema, akamtazama Shangazi mara moja tu, akafunga mpira kwenye mkono wa mzee kutafuta mshipa.

Mishipa ya wazee ina ukaidi. Wa kwanza ulikimbia, wa pili ukapasuka na kuvimba palepale chini ya ngozi. Mkufunzi alivuta pumzi, akahamia mkono mwingine, akaupigapiga kwa vidole viwili. Shangazi alimmulikia kwa taa ya simu, ameishika kwa mikono miwili. Wa tatu ulikubali. Dawa ikaanza kuingia, nzito, taratibu, na hapakuwa na kazi nyingine ya kufanya ila kungoja.

Ndipo mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni asielewe, akaelewa.

"Nimemuua," alisema. "Nimemchoma mimi sindano, hajala, nikamwacha. Jamani nimemuua baba wa watu. Mume wangu nitamwambia nini? Wataniambia nimemchoka mzee wao." Akaanguka chini, akajipiga mapaja.

Shangazi alikuwa na nafasi ya kunyamaza pia hapo, kama watu wengi wanavyonyamaza lawama ikipata mahali pengine pa kukaa. Badala yake alisema, bila kuondoa macho kwa mzee, "Inuka. Hukumwacha wewe. Uliambiwa na mimi asiamshwe, ukatii. Mumeo nitamwambia mwenyewe, na ukoo wote ukija nitawaambia hapo mlangoni, wakitaka nitaandika." Alipokwisha kusema hivyo aliogopa zaidi, kwa sababu alisikia kwamba anazungumza kama mtu aliye kwenye msiba.

Dakika mbili zikapita. Mkufunzi alikuwa na vidole shingoni kwa mzee na midomo yake ilikuwa inahesabu. Dakika ya tatu. Nje Kobe alimwambia mtu fulani asogeze baiskeli. Kwenye dakika ya nne mguu wa Fundi Saa ulijivuta chini ya shuka, kidogo, kama wa mtu aliyetekenywa. Kope zikacheza. Alifumbua jicho moja, akalifumba, akafumbua yote mawili, akamtazama mkufunzi kwa chuki ya mtu aliyeamshwa.

"Unaitwa nani, mzee?" mkufunzi alimwuliza.

"Nani wewe, kwanza?"

"Unajua leo siku gani?"

Mzee alifikiri. "Jumatano," alisema. "Siku ya Shangazi."

Mkwe alicheka na kulia kwa pamoja, akakimbilia jikoni, na alirudi na chai iliyotiwa sukari mpaka kijiko kikawa kizito kukoroga. Wakamwinua mzee, wakamwegemeza kwenye mito. Alikunywa, akala mkate kwa upande wa meno yaliyobaki, akapimwa tena, na mkufunzi akasoma namba kwa sauti, sita nukta mbili, akasema atakwenda naye hospitalini akae chini ya uangalizi mpaka kesho, kwa maana dawa ya asubuhi ilikuwa bado mwilini na ingeweza kumvuta tena. Akatoka kumwambia Kobe apange maboksi vizuri, leo shuleni haendi mtu.

Shangazi alibaki kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba radhi tangu kwenye gari, na sasa alitafuta pa kuyaanzia. Mzee akamtangulia.

"Nilikuwa nasikia," alisema.

"Ulikuwa unasikia nini, Fundi?"

"Pale mwanzo. Mwili uliniishia nguvu, moyo ukawa unanienda mbio, nikajua kuna jambo. Nikataka kumwita huyu mkwe wangu. Sauti ilikuwepo bado kidogo." Alikunywa chai, akatulia. "Ndipo nikamsikia anawaambia watoto tokeni nje, Shangazi amesema babu asiamshwe. Nikasema basi. Kama Shangazi amesema, Shangazi anajua. Nikaacha kuita."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayetoa shukrani, na mkono wake, ambao ulikuwa umeanza kurudi joto, ulikuja juu ya shuka kuutafuta mkono wa Shangazi na kuushika.

Shangazi, ambaye hakuwahi kukosa la kusema harusini wala matangani, alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kilio, kikubwa, cha sauti yake yote, na mzee akageuka kwa mshtuko akamwuliza mkwe ni nani aliyefariki.